Kasarani, Desemba 1991: ukumbi mzima ulibadili msimamo kwa hotuba moja. Waliamini lipi kati ya mawili?

Mdau wa Voi (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aje baadaye.

Tarehe 3 Desemba 1991 wajumbe wa chama tawala, KANU, kutoka kila kona ya Kenya walikusanyika Kasarani, Nairobi. Nchi ilikuwa ya chama kimoja kisheria tangu Juni 1982, Bunge lilipochomeka kifungu cha 2A kwenye katiba. Mwishoni mwa Novemba wafadhili walikuwa wamekutana Paris na kuzuia misaada mipya, kwa hiyo kila aliyeingia ukumbini alijua kuna jambo linapikwa. Wajumbe wakaanza kuzungumza, mmoja akikaa mwingine anasimama, na hoja ni zilezile za miaka yote: vyama vingi ni ukabila, vyama vingi ni vurugu, wanaovitaka wametumwa na wageni. Makofi yakapigwa. Kisha Rais Moi akasimama akasema 2A iondoke. Wajumbe walewale, kwenye viti vilevile, wakakubali. Kabla mwezi haujafika katikati, Bunge likakifuta kifungu.

Na haikuwa mara ya kwanza. Desemba 1990 wajumbe wa chama hichohicho waliletewa mapendekezo ya kamati ya Makamu wa Rais George Saitoti, likiwemo la kuacha kura ya mlolongo, yaani ya kujipanga mstari nyuma ya mgombea. Wasemaji wakayapinga kwa nguvu zote, wakidhani ndivyo mkubwa anavyotaka. Rais aliposema yapokelewe, yakapokelewa.

Hadithi hizi husimuliwa kwa kicheko, nami naona hazichekeshi hata kidogo. Swali langu ni hili: asubuhi walikuwa wanadanganya, au walidanganya baadaye? Nimelifikiria sana, na jibu langu ni kwamba wengi wao hawakudanganya wakati wowote. Asubuhi walimaanisha, na baadaye wakamaanisha kinyume chake. Walishapoteza zamani mazoea ya kujiuliza "mimi mwenyewe naonaje?" kabla ya kufungua mdomo. Hofu peke yake haimfikishi mtu hapo. Mwenye hofu anajua anachokificha.

Hali hiyo ilijengwa taratibu. Septemba 1984, akitoka Addis Ababa, Rais aliwaambia hadharani mawaziri na watu wengine wote waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye, akaeleza kwamba enzi za Mzee Kenyatta naye aliimba wimbo wa Kenyatta mpaka watu wakamwona hana lake. Hakuficha kitu. Ilikuwa amri, na ilipokelewa kama hekima.

Kisha ukaja mlolongo. Chama kiliupitisha 1986, na Februari 1988 ukatumika kuwateua wagombea ubunge nchi nzima. Kwa vijana ambao hawajui: hakuna karatasi, hakuna sanduku. Wenye kadi ya KANU mnaitwa uwanjani asubuhi. Kila mgombea, au wakala wake mwenye picha, anasimama mbele, nanyi mnajipanga nyuma ya mnayemtaka. Ofisa anahesabu vichwa. Aliyepita asilimia 70 anakwenda bungeni moja kwa moja, bila kura ya siri iliyofuata Machi. Mkishatawanyika hakuna ushahidi, maana hesabu yenyewe ilikuwa miili ya watu na miili imerudi shamba. Ndiyo maana kulikuwa na malalamiko sehemu nyingi kwamba mstari mfupi ulitangazwa mrefu. Jarida la *Beyond* la baraza la makanisa, NCCK, lilipoandika habari za wizi huo, lilipigwa marufuku. Kenneth Matiba akajiuzulu uwaziri Desemba mwaka huohuo kwa sababu ya uchaguzi wa ndani ya chama uliochakachuliwa, na chama kikamfukuza.

Wizi wa hesabu umeshaandikwa sana. Mimi kinachonisumbua ni vile mstari ule ulivyowafanyia hata watu waliohesabiwa kwa haki. Ukiwa kwenye kibanda cha kura una dakika moja ambayo hakuna anayekuona. Chifu hayupo, mkwe hayupo, mwenye duka anayekudai hayupo. Dakika hiyo inakulazimisha ujiulize unachotaka. Mlolongo uliifuta. Uwanjani unaangalia kwanza chifu yuko upande gani, halafu mwajiri wako, halafu ukoo wenu, na ukimaliza kuangalia umeshasimama mahali. Sasa unarudi nyumbani. Ni wachache wenye moyo wa kujiambia "leo nimesimama pale kwa woga." Ni rahisi zaidi kusema yule mgombea naye si mbaya, kuna daraja alilisemea, na huyu mwingine ana kiburi. Kesho unalisema tena. Keshokutwa mtu akibisha unakasirika kweli, kwa sababu anagusa mahali ambapo hutaki paguswe.

Mwaka 1992, tarehe 29 Desemba, Wakenya walirudi kwenye karatasi na vyama vingi. Moi alishinda kwa karibu asilimia 36, kwa kuwa upinzani uligawanyika. Kwa hiyo zaidi ya sita kati ya kila kumi walimtaka mtu mwingine, katika nchi ambayo miaka minne tu nyuma ilionekana kuwa ya sauti moja. Hata Mwai Kibaki, aliyewahi kusema kwamba kutaka kuiondoa KANU ni kama kuukata mti wa mgumo kwa wembe, alijiuzulu serikalini Krismasi ya 1991 na kuanzisha chama cha upinzani.

Karibuni tujadili. Naomba tusigeuze huu kuwa uzi wa matusi kwa marehemu. Mimi nawazungumzia wajumbe, na walionyanyua mikono, na sisi.

Fundi Saa

Mkuu umeandika vizuri ila unawaonea watu. Kuna jaribio la mapinduzi Agosti 1982. Kuna msako wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, kuanzia 1986, wahadhiri, wanafunzi na wakulima wanashikwa, wanawekwa kwenye vyumba vya chini pale Nyayo House, jengo la serikali Nairobi, wanamwagiwa maji mpaka wakiri. Mtu ana watoto watano na mshahara mmoja. Anakwenda uwanjani, anasimama anapotakiwa kusimama, anarudi kulima. Huyo si mtu aliyejidanganya, ni mtu mwenye akili timamu. Wazee wetu walisema funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu kweli alipita, 2002 KANU iling'olewa, si mliona?

Msimamo wa kishujaa unaandikwa vizuri sana na mtu ambaye hakuna gari jeusi mlangoni kwake.

Mama Wanjala

Mimi 1988 nilikuwa darasa la saba, Magharibi ya Kenya, na uwanja wa shule yetu ndio ulikuwa kituo. Tulitakiwa kubaki darasani lakini madirisha hayakuwa na vioo, tuliona yote.

Jirani yetu, fundi cherehani, alianza kwenye mstari wa mgombea aliyempenda. Alikuwa ameshamsifia wiki nzima dukani kwake. Naibu chifu hakusema neno lolote. Alikuwa anatembea tu katikati ya mistari na daftari kwapani, hata kalamu sikuiona. Alipomkaribia jirani, jirani akainama kufunga kamba za kiatu. Alipoinuka, alikuwa ameshapiga hatua mbili upande wa pili. Akasimama hapo katikati kidogo kama anayetafuta mtu, halafu akaingia mstari mwingine. Watu kama wanne wa nyuma yake wakamfuata.

Fundi Saa, mpaka hapo nakubaliana nawe, aliogopa na alikuwa na haki ya kuogopa. Sasa sikiliza jioni yake. Alikuja kwetu kunywa chai, akamweleza baba kwa muda mrefu sana kwa nini yule wa pili ndiye anayefaa. Ana elimu. Anajulikana Nairobi. Atatuletea maji. Baba hakuwa amemuuliza chochote. Baba alikuwa anaitikia "mm, mm" na kukoroga chai iliyokwisha korogwa. Wakati ule nilidhani anamdanganya baba. Nikiikumbuka sauti yake sasa, baba hakuwa na maana pale, angeweza kuwa anaongea na ukuta.

Miaka miwili baadaye alikuwa mtetezi mkali kuliko wote wa mbunge yule. Aligombana na kaka yake wa tumbo moja mpaka wakaacha kusalimiana. Maji hatukuyapata mpaka naolewa na kuondoka kijijini.

Mwalimu wa Kibada

Maelezo ya Mama Wanjala yamenikumbusha majaribio ya Solomon Asch, yaliyoanza kuchapishwa 1951 kule Marekani. Nafundisha saikolojia, nivumilieni kidogo.

Wanafunzi wa chuo wanakaa mezani, wanaonyeshwa mstari mmoja uliochorwa, kisha mistari mitatu, waseme upi unalingana na wa kwanza. Jibu liko wazi, mtoto wa chekechea analiona. Ila mezani mtu mmoja tu ndiye hajui mpango, na wenzake wote wameshapangwa wajibu kwa sauti jibu lilelile la makosa. Karibu theluthi moja ya majibu ya yule mmoja yalifuata kundi, na karibu robo tatu ya waliojaribiwa walikubali walau mara moja. Hapo hakuna chifu, hakuna polisi, hakuna mkate wa watoto. Ni mistari kwenye karatasi tu.

Yaliyofuata ndiyo yanayohusu uzi huu. Asch aliwauliza baadaye kwa nini. Wengi walisema walijua kundi limekosea lakini hawakutaka kuonekana wa ajabu. Wengine walisema walianza kushuku macho yao wenyewe. Na wachache waliamini kabisa kwamba mstari ule ulilingana. Kwa hiyo kwenye meza moja una mtu anayeficha, una mtu anayeyumba, na una mtu ambaye hana tena cha kuficha. Kwa nje huwezi kuwatofautisha, wote wametoa jibu moja.

Mambo mawili yalishusha sana kufuata kundi. La kwanza, akiwepo mezani hata mtu mmoja mwingine anayesema ukweli. La pili, mhusika akiruhusiwa kuandika jibu lake kwenye karatasi badala ya kulitamka. Someni tena maelezo ya mlolongo mkiwa na hayo mawili kichwani. Ni kama mtu alitafuta njia ya kuyaondoa yote kwa mpigo.

Ngamiani Kati

Watanzania tusikae pembeni kama wageni waalikwa. Kwetu hakukuwa na mlolongo, rais alipigiwa kura ya siri ya ndiyo au hapana, jina moja. Kila uchaguzi ndiyo ilizidi asilimia 90. Mikutano ilifunguliwa kwa "Zidumu fikra za Mwenyekiti!" nasi tukaitikia "Zidumu!" Na ajabu ni kwamba ahadi ya mwana TANU tuliyoikariri ilisema "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Tulizitamka zote mbili kwa pumzi moja na hatukuona kugongana.

Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda Tume ya Jaji Mkuu Nyalali kuuliza wananchi: chama kimoja au vyama vingi? Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka kimoja kibaki. Karibu 20 walitaka vingi. CCM ikaamua kufuata wachache, na 1992 sheria ikabadilishwa. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, 1995, Mkapa alipata karibu asilimia 62. Wengine wote, Mrema, Lipumba na Cheyo, wakagawana 38.

Wapo wanaosema tofauti hiyo inaonyesha watu waliidanganya Tume. Mimi siendi huko moja kwa moja. Kupenda chama kimoja na kumpigia kura mgombea fulani ni maswali mawili, na wengi wa ile asilimia 80 walisema wazi kwamba chama kinahitaji marekebisho. Kuna watu waliiona Burundi, waliiona Zaire, wakaogopa kwa dhati kabisa.

Linaloniuma ni jingine. Mjadala wa vyama vingi ulipata pumzi kweli pale Mwalimu Nyerere mwenyewe aliposema, mwaka 1990 akiwa bado mwenyekiti wa chama, kwamba kulijadili jambo hilo si dhambi. Ghafla vyuoni, magazetini, vijiweni, kila mtu ana maoni. Hata ruhusa ya kufikiri tofauti tuliisubiri itoke kwa Mwenyekiti. Sasa nieleze, Mdau wa Voi, tulitofautiana wapi na Kasarani?

Mdau wa Voi

Ngamiani Kati, nadhani hatukutofautiana sana, ila nyinyi mlikuwa na kibanda cha kura, hata kama ndani yake kulikuwa na jina moja. Asilimia chache zilizoandika "hapana" kila mara ziliweza kuhesabiwa. Hilo si dogo.

Fundi Saa, nimekusoma mara mbili kwa sababu hoja yako ni nzito. Simlaumu aliyenyamaza. Askofu Alexander Muge wa Eldoret hakunyamaza. Agosti 1990 waziri mmoja alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asirudi akiwa hai. Alikwenda, na njiani akirudi alikufa kwenye ajali ya barabarani. Hakuna anayeweza kumwambia mzazi mwenye watoto kwamba ni lazima awe Muge, au Askofu Okullu, au Mchungaji Njoya aliyesimama madhabahuni Januari 1990 akasema yanayotokea Ulaya Mashariki yatufunze.

Ninachosema ni kwamba kuna kunyamaza kwa aina mbili na baadaye huzaa vitu viwili tofauti. Kamati ya Saitoti ilipozunguka nchi nzima 1990, chama kilitegemea kusikia sifa. Wananchi wa kawaida walipopewa kipaza sauti walisema mambo mazito kuhusu mlolongo, wizi na ufisadi, mbele ya vigogo wenyewe, wiki chache baada ya watu kuuawa kwenye maandamano ya Saba Saba, yale ya Julai ya kudai vyama vingi. Watu hao nao walikuwa wamenyamaza miaka yote. Lakini walijua wamenyamaza. Walikuwa wameyahifadhi, labda waliyasema jikoni kwa mke au kwa rafiki mmoja, kwa hiyo mlango ulipofunguka walikuwa na cha kutoa. Mjumbe wa Kasarani alipofunguliwa mlango huohuo alitazama usoni mwa mkubwa kwanza.

Kombe likifunikwa sawa. Mimi nauliza kama aliyelifunika bado anakumbuka kilichomo.

Fundi Saa

Hapo tunakaribiana. Ila bado nakubishia kitu kimoja. Unapima kwa nani alikumbuka, na hilo huwezi kulijua mpaka utawala uanguke. Siku ukianguka kila mtu atasema "mimi moyoni nilikuwa mpinzani siku zote." Baada ya 2002 sijakutana na mtu aliyekiri kwamba alishangilia kwa dhati. Mistari yote ya uwanjani imegeuka kuwa ya watu waliolazimishwa. Kama fundi cherehani wa Mama Wanjala yuko hai, nina hakika leo anasimulia alivyoonewa na naibu chifu, na hasemi habari za kaka yake.

Mama Wanjala

Umekisia sawa kwa nusu. Anasimulia habari za naibu chifu, kila mara. Za kaka yake hazitaji kabisa, na kaka alifariki hawajapatana. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba kujidanganya ni jambo la siasa za juu huko. Gharama yake ililipwa nyumbani, na mtu ambaye wala hakugombea chochote.

Katibu wa Kikundi

Nimefuatilia kimya tangu mwanzo, leo nimeamua kuchangia kwa sababu Mwalimu wa Kibada amegusa jambo ninalolifanya kila mwezi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, wanachama wengi ni wanawake wa soko moja. Hakuna polisi kwetu, hakuna chama. Kwa miaka tulikuwa tunapitisha mambo kwa kunyoosha mikono, na kila jambo la mwenyekiti lilipita bila kupingwa. Tukajisifu kwamba tuna umoja. Kisha likaja pendekezo la kutumia akiba kununua kiwanja cha mtu ambaye ni ndugu wa kiongozi wetu mmoja. Mikono yote juu, wa kwangu ukiwemo, kwa kuwa nilitazama kulia na kushoto nikaona iko juu. Mhasibu, binti mdogo tu, akaomba tu kwamba kwa kuwa ni fedha nyingi tuandike kwenye vikaratasi. Hakupinga kitu. Mwenyekiti kwa kuwa aliona mikono yote akasema sawa, andikeni.

Tulikata karatasi za daftari, tukazikunja, tukazikusanya kwenye beseni. Nikasoma mimi. Hapana zilikuwa nyingi kuliko ndiyo, na si kwa tofauti ndogo. Kilichonishangaza ni sura za watu wakati nasoma. Kila mmoja alikuwa anashangaa, hata waliojua wameandika hapana, maana kila mtu alidhani yuko peke yake.

Kiwanja hakikununuliwa. Tukaandika kwenye katiba ya kikundi kwamba matumizi ya akiba yapitishwe kwa karatasi. Na hapa ndipo ninapotaka msaada wenu, kwa sababu haikuisha vizuri kama inavyosikika. Kikao kilichofuata wanachama wawili wakubwa walipendekeza turudi kwenye mikono, wakasema karatasi inaleta fitina na inaonyesha hatuaminiani. Na wakataka pendekezo hilo lenyewe lipigiwe kura kwa mikono. Nikasema katiba inataka karatasi, wakasema katiba imetaja matumizi ya akiba tu. Mwenyekiti ameahirisha mpaka kikao kijacho. Mhasibu hajazungumza tena kwenye kundi la simu tangu siku ile, na nimesikia sokoni wananong'ona kwamba ana ajenda yake.

Nimempigia nikamwambia kwamba kura yangu ya karatasi ilikuwa hapana. Alikaa kimya kidogo halafu akaniuliza: "Utalisema hilo kwenye kikao?" Nimemjibu ndiyo. Wenye uzoefu wa kuendesha vikao, naomba mnisaidie jinsi ya kulileta kwenye ajenda kabla ya pendekezo la mikono halijasomwa.

Ngamiani Kati

Katibu, leta kama hoja ya utaratibu, siyo kama mchango. Hoja ya utaratibu husikilizwa kwanza kabla ya ajenda yoyote. Na usisimame peke yako, zungumza mapema na mtu mmoja akuunge mkono palepale unapomaliza. Anatosha mmoja.